Mguu bandia wa polipropilini kwa aliyekatwa chini ya goti: tathmini ya mvaaji

Mguu ninaoutathmini hapa ni ule wa plastiki ya polipropilini, unaoonekana mzito kwa macho lakini ni mwepesi ukiushika, ambao hutengenezwa katika karakana za viungo bandia za nchi nyingi zenye kipato kidogo kwa utaratibu uliokuzwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Nimeuvaa kwa miaka kadhaa upande wa kulia, chini ya goti, hapa Tanga, katika kazi ya ualimu inayonitaka nisimame sehemu kubwa ya siku. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mtu aliyekatwa katikati ya muundi, anayeishi mahali penye joto, mvua na njia za vumbi, sijaona kifaa cha gharama ya kawaida kinachostahili kuutangulia, mradi soketi yake, yaani kikombe kinachopokea sehemu ya mguu iliyobaki, imetengenezwa na fundi anayeijua kazi na karakana yenyewe inafikika. Masharti hayo mawili ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata, kwa kuwa nimeona mguu uleule, wa plastiki ileile, ukimrudisha mtu mmoja shambani na ukimwachia mwingine vidonda hadi akautupa uvunguni na kurudia magongo.

Kabla ya kuizungumzia plastiki, ni lazima niseme mguu umekatwa wapi, kwa sababu tathmini ya kiungo bandia isiyotaja kiwango cha ukataji haimfai msomaji. Mtu aliyepoteza vidole vya mguu kwa kisukari na mtu aliyekatwa pajani baada ya ajali ya bodaboda wote huitwa watu waliokatwa mguu, ilhali mahitaji yao hayakaribiani. Yule wa kwanza huenda akatosheka na kiatu chenye soli ngumu kilichojazwa sponji upande wa mbele. Aliyekatwa katikati ya wayo, mahali ambapo madaktari hupaita kwa majina ya Wafaransa Lisfranc na Chopart, hubaki na kisigino chake na anaweza kutembea chumbani bila kifaa chochote. Lakini ukataji wa Chopart una hila yake, kwani kano kubwa ya kisigino huendelea kuvuta huku misuli ya mbele iliyokuwa ikishindana nayo imepoteza mahali pa kushika, na taratibu kigutu huelekea chini mpaka mtu akawa anakanyagia kovu. Juu kidogo, kwenye kifundo, upo ukataji unaobeba jina la James Syme, daktari wa upasuaji wa Edinburgh aliyeueleza katika miaka ya 1840, ambapo ngozi nene ya kisigino huletwa chini ya mfupa ili kigutu kiweze kubeba uzito kwa ncha yake. Mwenye kigutu hicho huweza kuinuka usiku kwenda msalani bila kuvaa mguu, jambo ambalo sisi wa chini ya goti hatuliwezi na ambalo hakuna plastiki itakayolirudisha.

Ukataji wa kupita kwenye muundi ndio ninaouzungumzia, nao ndio ambao mguu huu umetengenezwa kwa ajili yake kwa ufanisi mkubwa zaidi. Sababu yake ni goti. Maadamu goti limebaki, mtu hupanda ngazi, huinuka kitini na kujizuia asianguke kwa misuli yake mwenyewe, na kifaa kinachoongezwa hapo kinaweza kuwa sahili sana. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu ni kwamba aliyekatwa chini ya goti hutumia nguvu zaidi kwa takriban robo anapotembea kuliko mwenye miguu miwili, na kwamba aliyekatwa pajani huongeza zaidi ya nusu. Tofauti hiyo huonekana wazi mtu anapopanda kilima au anapokuwa mzee. Ndiyo maana madaktari wazuri hupigania goti hata pale familia inapoona kwamba kukata juu kutaponya haraka. Urefu wa kigutu nao una maana. Kigutu kifupi mno hakina urefu wa kutosha wa kuusukumia mguu bandia, na kirefu mno, kinachofika karibu na kifundo, huwa na nyama chache na damu haba mwishoni, tena hakimwachii fundi nafasi ya kuweka viungio. Kwa mtu mzima, sentimita 12 hadi 15 chini ya goti huhesabiwa kuwa kipimo kizuri.

Kwa watoto mambo hubadilika, na mzazi anayesoma asilichukulie kila neno langu kuwa linamhusu mwanawe. Mfupa wa mtoto uliokatwa katikati unaweza kuendelea kuota kwa ncha hadi ukatishia kutoboa ngozi, na kwa sababu hiyo madaktari hupendelea, inapowezekana, kutenganisha kwenye kiungo badala ya kukata mfupa. Mguu wa mtoto pia hubadilishwa mara nyingi, pengine kila miezi 6 hadi mwaka, wakati wa mtu mzima huweza kudumu miaka 3 hadi 5.

Turudi kwenye kifaa. Msalaba Mwekundu ulianzisha programu yake ya viungo bandia mwaka 1979, wakati ambapo miguu iliyopatikana kwa majeruhi wa vita ilikuwa ama ya mbao na ngozi iliyoozeshwa na unyevu, ama ya vifaa vya Ulaya ambavyo vikiharibika havikuwa na vipuri. Polipropilini ilichaguliwa kwa sababu ambazo mtu wa pwani huzielewa bila kufafanuliwa: haiozi, haishiki kutu, inaoshwa kwa maji na sabuni, na ni nyepesi kuliko maji yenyewe. Karatasi ya plastiki hiyo huwekwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 180 hivi mpaka ikalegea, hufunikwa juu ya umbo la plasta, kisha hewa hufyonzwa ili iling'ang'anie umbo hilo hadi ipoe. Kazi hiyo haihitaji kemikali za kunuka wala mashine za mamilioni, na mabaki yake huweza kuyeyushwa tena. Mwaka 2004 teknolojia hiyo ilipewa Tuzo ya Brian Blatchford, ambayo hutolewa na jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa viungo bandia. Kwetu Tanzania, jina linalopaswa kutajwa pamoja nayo ni TATCOT, chuo cha mafunzo ya wateknolojia wa mifupa kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981 katika eneo la hospitali ya KCMC, ambacho kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Mgonjwa akiuliza fundi wake alisomea wapi na kwa muda gani, swali hilo halina utovu wa adabu.

Mguu wenyewe una sehemu nne. Juu kuna soketi, yaani kikombe kigumu kinachopokea kigutu. Ndani ya soketi kuna sponji laini iliyoumbwa kwa kipimo kilekile. Chini yake kuna viungio vya plastiki vinavyokazwa kwa boliti na kumruhusu fundi kuugeuza mguu ndani, nje, mbele na nyuma wakati wa majaribio. Na mwisho ni wayo. Wageni wengi wa jambo hili huukodolea macho wayo, wakauliza kama unapinda, kama una vidole, kama unafanana na wa pili. Mimi ningewaomba waangalie soketi, kwa kuwa hapo ndipo asilimia kubwa ya furaha na machozi ya mvaaji hutoka.

Soketi ya chini ya goti, kwa namna inayotengenezwa katika karakana nyingi, inafuata mtindo uliotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazo lake ni kwamba kigutu hakiwezi kubeba uzito sawasawa kila mahali. Kano iliyo chini ya pia ya goti huvumilia kubanwa. Ubavu wa ndani wa mfupa wa muundi, pale unapotanuka kuelekea goti, huvumilia pia. Nyama za pembeni na za nyuma husaidia. Lakini ncha ya kigutu, ukingo wa mbele wa ugoko na kile kichwa kidogo cha mfupa mwembamba kilicho upande wa nje havivumilii kabisa. Kwa hiyo fundi, baada ya kukifunga kigutu kwa bandeji za plasta na kupata umbo lake, hakai akalinakili tu. Hukwangua plasta pale anapotaka soketi ibane na kuongeza plasta pale anapotaka ipishe, na milimita chache za mkono wake ndizo zitakazoamua kama mtu atafika sokoni au ataishia mlangoni. Kazi hiyo haionekani katika mguu uliokamilika. Soketi mbili zinaweza kung'aa sawasawa juu ya meza, moja ikiwa nzuri na nyingine ikiwa ya mateso.

Soketi yangu ya kwanza ilikuwa ya aina ya pili. Karakana iliyoitengeneza sitaitaja, na sidhani kwamba ilikosa ujuzi, ilikosa muda. Nilipimwa, nikavalishwa, nikatembea ukumbini kwenda na kurudi kati ya vyuma viwili vya kushikilia, nikaambiwa nitazoea. Kichwa cha mfupa wa nje kilichubuka kabla wiki haijaisha. Soketi ya pili ilitengenezwa kwingine, na fundi wake alikuwa na tabia ya kunivua mguu kila baada ya muda mfupi na kuikagua ngozi kabla ya kuniuliza chochote. "Mwalimu," aliniambia, "wewe utaniambia hauumi kwa sababu unataka kwenda nyumbani, ngozi haina haraka." Kanuni aliyonifundisha ninaitumia mpaka leo: wekundu unaoonekana mahali panapopaswa kubanwa na kufifia ndani ya dakika 10 hivi baada ya kuvua mguu ni wa kawaida, bali wekundu unaokaa, au unaotokea juu ya mfupa ambao haukupaswa kubanwa, ni taarifa ya kurudi karakana. Kwa mwenye kisukari ambaye ngozi yake imepoteza hisia, ukaguzi huo hufanywa kwa kioo kila jioni, kwa kuwa kusubiri maumivu ni kusubiri kidonda.

Jambo ambalo watu hawaambiwi vya kutosha ni kwamba kigutu hakikai katika umbo moja. Katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji huwa kimevimba, kisha hupungua, na hupungua kwa kasi zaidi mtu anapoanza kutembea. Mguu uliokuwa umebana vizuri mwezi wa pili huweza kupwaya mwezi wa tano. Dawa ya kwanza ni soksi za kigutu, ambazo huvaliwa moja au zaidi kati ya ngozi na sponji. Dalili ya kuhitaji soksi ya kuongeza ni kwamba goti huzama ndani ya soketi kuliko ilivyokuwa na ncha ya kigutu huanza kugonga chini. Dalili ya kupunguza ni kwamba kigutu hakiingii mpaka mwisho, na ule mwinuko wa kano chini ya goti haukai mahali pake. Mimi huanza asubuhi na soksi chache na kuongeza moja baada ya mchana. Soksi zinapokuwa nyingi mno, soketi mpya inahitajika, na gharama ya soketi hiyo ni swali la kuulizwa siku ya kwanza, kabla fedha haijatolewa. Karakana inayotaja bei ya mguu bila kutaja bei ya kurudi ingefaa kutiliwa shaka.

Mguu huu hushikiliwa ama kwa mkanda unaozunguka juu ya goti, ama kwa kingo za soketi zilizopandishwa kukumbatia mifupa ya pande mbili za goti. Nimejaribu njia zote mbili. Mkanda ni rahisi kuubadilisha, na hata fundi viatu wa mtaani anaweza kuushona, lakini huacha mguu ucheze kidogo, na mchezo huo huleta michubuko. Kingo zilizopandishwa hushika vizuri zaidi, ila mtu anapoketi huonekana kama amebeba bakuli chini ya suruali. Zipo soksi za silikoni zenye pini inayojifunga chini ya soketi, ambazo waliozivaa huzisifu sana; kwa hali yetu tatizo lake ni bei na kwamba huchakaa na kuhitaji kubadilishwa, na katika joto la Februari jasho hujikusanya ndani yake.

Kuhusu jasho, mguu wa polipropilini nao haupati alama nzuri. Plastiki haipumui, na sponji haipumui. Siku ya joto kali, ukivua mguu adhuhuri, soksi hukamuka. Sijapata suluhisho zaidi ya kubeba soksi safi, kuosha kigutu na sponji kwa sabuni isiyo kali kila usiku, na kuacha vyote vikauke mpaka asubuhi. Vikaukie kivulini. Plastiki iliyoumbwa kwa joto huharibiwa kwa joto, na kuuanika mguu karibu na jiko la mkaa ni njia ya uhakika ya kuupindisha.

Wayo unaokuja na mguu huu mara nyingi ni wa aina iitwayo SACH, ambao pia ulibuniwa Berkeley katika miaka ya 1950. Hauna kiungo kinachozunguka. Ndani yake mna kipande kigumu kinachofanya kazi ya mfupa, na kisiginoni pamewekwa kabari ya povu laini ambayo hubonyea mtu anapokanyaga, ikaufanya wayo uonekane kana kwamba kifundo kimeshuka. Usahili huo ndio sifa yake: hakuna cha kukaza wala cha kutia mafuta. Udhaifu wake ni kwamba haugeuki pembeni, hivyo kwenye njia yenye mawe au matuta ya shamba mguu mzima huyumba badala ya wayo kujilaza, na mwendo wa mchangani pale Raskazone ni kazi kwelikweli. Povu lake nalo lina adui wawili, unyevu na jua. Miguu ya majaribio hupimwa kwenye mashine kwa mamilioni ya mizunguko, lakini mashine haitembei kwenye madimbwi ya masika. Wayo wangu wa kwanza ulipasuka soli mapema mno, sehemu nyingine zikiwa bado nzima. Kwa kuwa hufungwa kwa boliti, ulibadilishwa wenyewe, na hilo ni jambo la kuusifu mguu huu.

Kuna suala la wayo huu ambalo kwa watu wa huku ni kubwa kuliko yote, nalo ni kiatu. Fundi anapoupanga mguu, huupanga kwa kimo cha kisigino cha kiatu fulani. Ukivaa kiatu chenye kisigino kirefu zaidi, goti husukumwa mbele na unahisi kama unaporomoka. Ukivaa kifupi zaidi, au ukivua kabisa, goti hurudishwa nyuma na unakuwa kama unapanda mlima sakafuni. Katika nchi ambako mtu huingia nyumbani, ofisini na kanisani na viatu vyake, jambo hili halina uzito mkubwa. Kwetu, ambako viatu huachwa mlangoni na msikitini, mvaaji huvua kimo chake mara nyingi kwa siku. Nilichofanya, kwa ushauri wa fundi, ni kwenda kupangiwa mguu nikiwa na makubazi bapa badala ya viatu vya ngozi, na kuweka kipande chembamba cha mpira ndani ya kiatu cha kazini. Suluhisho hilo ni la kulazimisha, lakini linafanya kazi, na ningependa kila karakana ya pwani imuulize mgonjwa anavua viatu mara ngapi kabla ya kukaza boliti.

Hapo ndipo ninapouonea wivu mguu wa Jaipur. Wayo huo ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 katika hospitali ya Sawai Man Singh, mjini Jaipur, India, na fundi sanaa Ram Chandra Sharma akishirikiana na daktari wa mifupa P. K. Sethi, aliyetunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1981. Waliutengeneza kwa ajili ya watu wanaotembea peku, wanaochuchumaa na wanaoketi wakikunja miguu, kwa kuunganisha vipande vya mpira laini na mbao ndani ya ngozi ya mpira uliopikwa katika umbo la wayo halisi wenye vidole. Hupinda pande zote na huingia matopeni bila kiatu. Shirika la hisani la India liitwalo BMVSS, lililoanzishwa mwaka 1975, limeugawa bure kwa watu wengi, ndani ya India na kwenye kambi za muda katika nchi nyingine. Ningeuchukua wayo huo kwa moyo mkunjufu. Mashaka yangu ni juu ya kambi za muda, si juu ya wayo: mguu unaotolewa katika siku chache na watu wanaoondoka wiki inayofuata humwacha mvaaji bila mtu wa kumrudia kigutu kinapopungua, na nimeshaeleza kwamba kitapungua.

Kuchuchumaa kunahitaji maneno yake. Kwa mguu wa polipropilini wenye wayo wa SACH, choo cha shimo hutumika kwa shida. Ukingo wa nyuma wa soketi hugonga nyuma ya goti kabla goti halijakunjika vya kutosha, na wayo haukubali kupinda. Fundi anaweza kuushusha ukingo huo kidogo, lakini akiushusha mno kigutu hupoteza egemeo la nyuma. Wengi wetu hunyoosha mguu bandia mbele na kushikilia ukuta, au huwekewa kiti chenye tundu. Sijda kwangu inawezekana kwa kuutanguliza mguu mzima na kuuacha bandia unyooke nyuma, na anayeona taabu ana ruhusa ya kusali akiwa ameketi. Maji ya udhu hayaudhuru mguu, na hilo wazee waliovaa miguu ya ngozi na mbao wangelisifu kuliko mimi. Sponji tu ndiyo inayobaki mbichi.

Sifa nilizoutolea mguu huu zisihamishiwe moja kwa moja kwa aliyekatwa pajani. Teknolojia ni ileile, lakini hapo kifaa kinabeba kazi ya goti, na goti sahili lina mbinu chache: ama hufungwa ili lisipinde wakati wa kutembea, mtu akachechemea kwa mguu ulionyooka na kulifungua anapoketi, ama huachwa huru na kumtaka mvaaji alidhibiti kwa misuli ya nyonga katika kila hatua. Yapo magoti ya vyuma vinne vinavyoshirikiana ambayo ni imara zaidi, na tangu mwaka 1997 lipo goti la C-Leg la kampuni ya Ottobock ya Ujerumani linaloongozwa na kompyuta ndogo, ambalo bei yake huliweka mbali na karibu kila mtu ninayemfahamu. Kwa aliyekatwa pajani ningempa mguu wa polipropilini alama ya wastani, na kwa mzee dhaifu ningesema waziwazi kwamba kiti cha magurudumu kizuri huenda kikampa uhuru zaidi. Waliotenganishwa kwenye goti wako katikati: kigutu chao hubeba uzito kwa ncha, jambo jema, ila goti bandia hukaa chini kuliko la pili, na kwenye kiti cha daladala paja lao hutokeza mbele. Kuhusu mikono sina uzoefu wa kutoa alama. Ninachokijua ni kwamba kadiri ukataji unavyopanda kutoka kigasha kuelekea bega ndivyo watu wengi zaidi wanavyouacha mkono bandia kabatini, kwa sababu mkono mmoja mzima hujifunza kazi nyingi haraka kuliko kifaa.

Upande wa huduma, kitu kilichoniletea faida kuliko vipuri vyote ni wiki za mazoezi kabla ya mguu kuwepo. Mtaalamu wa fiziotherapia alinikataza kuweka mto chini ya goti, ingawa ndipo panapopumzisha, kwa kuwa goti likizoea kukunjika halinyooki tena, na mguu bandia hauwezi kupangwa vizuri juu ya goti lililokunjamana. Waliokatwa pajani hukatazwa vivyo hivyo na huelekezwa kulala kifudifudi kila siku ili nyonga isikaze. Bandeji ya kukaza kigutu ilifungwa kwa mtindo wa namba 8, ikibana zaidi mwishoni na kulegea kuelekea goti. Maumivu ya mguu usiokuwepo, ambayo hakuna aliyenitahadharisha juu yake hospitalini, yalipungua nilipoanza kuuvaa mguu muda mrefu. Wapo ambao hayapungui, nao wasione haya kuyataja kwa daktari, maana yana matibabu. Viwango vya huduma za viungo bandia vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 vinahesabu mafunzo ya mvaaji na ufuatiliaji kuwa sehemu ya huduma yenyewe, na mgonjwa ana haki ya kuvidai kama anavyodai boliti iliyokazwa.

Anayekwenda kuuchukua mguu wake aende na kaptura, viatu au makubazi anayoyavaa kila siku, soksi zote alizopewa, na mtu wa nyumbani atakayeonyeshwa namna ya kuvalisha. Kabla mguu haujachomelewa plastiki ya mwisho, atembee nje ya ukumbi, kwenye changarawe, kwenye mteremko na ngazi, kisha auvue na kuikagua ngozi mbele ya fundi. Viungio vikishachomelewa, kuugeuza mguu upya huwa kazi kubwa, na wakati wa kusema kwamba unamvuta nje ni ule ambao boliti bado zinaonekana. Siku za mwanzo auvae kwa nusu saa, aupumzishe, na kuongeza muda kadiri ngozi inavyokubali. Na aondoke na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi.